Pumzi Inapokuwa Fupi: Mwongozo Kamili wa Kuuguza Hatua za Mwisho za Magonjwa ya Mapafu Yatokanayo na Asbesto

Baba aliacha kufunga kamba za viatu karibu mwaka mzima kabla hatujajua kuwa anaumwa. Alianza kuvaa kandambili kila aendako, hata kwenye shughuli za watu, nasi tukasema ni uzee. Kumbe kila akiinama, tumbo lilikuwa linasukuma juu, mapafu yaliyokwisha kukakamaa yanakosa nafasi, na pumzi inamkatika. Ujanani alifanya kazi ya kuvika mabomba ya mvuke kwa asbesto. Alikuwa ameiacha kazi ile zaidi ya miaka 30 kabla kifua hakijaanza kumsumbua.

Siku tulipopewa majibu, daktari aliyekuwa zamu alituambia, "Hapa hakuna la kufanya." Hakuwa na nia mbaya, lakini alikosea, na kosa lile lilitugharimu miezi. Makovu ya asbesto hayafutiki, hilo ni kweli. Ila kukosa pumzi, maumivu, maji kifuani, hofu ya usiku na choo kigumu vyote vina tiba au nafuu. Ugonjwa hauponi, lakini pumzi inatibika. Haya nimemwandikia anayeuguza nyumbani, na mgonjwa mwenyewe kama anataka kujua. Hayachukui nafasi ya daktari. Yatakusaidia kujua cha kumuuliza na cha kumdai.

Hatua ya 1: Jua ni ugonjwa upi

Watu husema "ana asbesto" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba mno, ambazo zikipeperuka hewani huzioni kwa macho. Zikivutwa hadi ndani kabisa ya mapafu, mwili hauna njia ya kuzivunja. Seli za ulinzi huzivamia, lakini nyuzi nyingine ni ndefu kuliko seli yenyewe, haziwezi kumezwa zikaisha. Seli hufa zikijaribu, na kila zinapokufa humwaga kemikali zinazochokoza nyama iliyo karibu. Uchokozi huo ukienda miaka na miaka huzaa mambo tofauti.

Asbestosi ni makovu ndani ya pafu lenyewe. Huwapata hasa waliovuta vumbi jingi kwa muda mrefu, na kwa kawaida hujitokeza miaka 20 au zaidi tangu mtu aanze kulivuta. Si saratani.

Mesotelioma ni saratani ya utando unaofunika mapafu, na mara chache ule wa tumbo. Huchukua miaka 30 hadi 40 kujitokeza, wakati mwingine hata 50, na inaweza kumpata aliyevuta vumbi kidogo tu, kama mke aliyekuwa akikung'uta na kufua nguo za kazi za mumewe. Sigara haina mkono katika ugonjwa huu, kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote amlaumu mgonjwa kwa hilo.

Saratani ya pafu nayo huletwa na asbesto, na hapa sigara ina mkono mkubwa. Viwili hivyo vikikutana katika kifua kimoja, hatari huzidishana.

Halafu kuna utando wenyewe. Picha inaweza kuonyesha mabaka magumu juu yake. Mabaka hayo peke yake si saratani, na mara nyingi hayamsumbui mtu. Nimeona familia ikilia usiku kucha kwa sababu ya neno hilo moja kwenye karatasi ya majibu. Jambo jingine kabisa ni utando kunenepa eneo kubwa hadi pafu likafungika kama lililo ndani ya ganda. Hapo ndipo pumzi hupungua.

Mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya kimoja. Basi muulize daktari swali hili, hivi hivi lilivyo: "Kinachombana pumzi leo ni makovu, ni maji, ni uvimbe, ni moyo, au ni maambukizi?" Swali hilo ndilo lililobadilisha uuguzaji wetu. Maji hutolewa. Maambukizi yana dawa. Moyo uliochoka husaidiwa kwa dawa za kukojoza. Makovu hayatoki, na kwa hayo unatibu pumzi yenyewe, kama nitakavyoeleza huko mbele.

Hatua ya 2: Tambua umefika wapi

Mesotelioma na saratani ya pafu zina hatua zilizohesabiwa, ya 1 hadi ya 4, kulingana na uvimbe ulivyosambaa. Asbestosi haina hesabu ya namna hiyo inayokubalika kote. Ukisikia mtu anasema "asbestosi hatua ya nne", muulize anamaanisha nini.

Kwa asbestosi, madaktari huangalia mambo kadhaa kwa pamoja. Mgonjwa hupuliza kwenye mashine ya spirometa ili kujulikana mapafu yanabeba hewa kiasi gani. Kipimo kingine huonyesha hewa inavyovuka kutoka mapafuni kwenda kwenye damu. Hutembezwa dakika 6 na kuangaliwa amefika umbali gani na oksijeni yake imeshuka kiasi gani. Picha ya CT ikionyesha sehemu za chini za mapafu zimejaa vishimo vilivyopangana kama sega la asali, makovu yamekomaa. Linganisha majibu ya leo na ya miezi sita iliyopita. Mwendo wa kushuka unasema mengi kuliko namba moja.

Nyumbani huhitaji mashine. Pumzi ina ngazi zake, na utaziona. Kwanza mtu anatweta akipanda mlima tu. Kisha anatembea polepole kuliko wenzake wa rika lake. Kisha anasimama kupumzika kila baada ya mita kama 100. Mwishowe anatweta akivaa shati, akioga, akila, na hatoki nje. Hiyo ya mwisho ndiyo ngazi ya juu katika mizani wanayotumia madaktari wa kifua.

Hesabu pia maneno. Baba zamani alikuwa akinipa hadithi nzima kwa pumzi moja. Ukafika wakati akiniita anasema, "Mwanangu," anasita, anavuta, "niletee," anavuta, "maji." Maneno mawili matatu kwa pumzi moja mtu akiwa ameketi ni ishara kwamba mapafu hayana tena akiba.

Kuna alama nyingine mwilini. Ncha za vidole hunenepa na kucha huinuka zikawa duara, hazina maumivu. Daktari akiweka chombo chake chini mgongoni, anasikia sauti ya kukwaruza kila mgonjwa avutapo pumzi. Miguu ikianza kuvimba ukibonyeza panabaki shimo, mishipa ya shingo ikituna na tumbo likijaa, moyo upande wa kulia umechoka kusukuma damu kwenye mapafu magumu. Uzito hupungua bila sababu nyingine, kwa maana kupumua kwenyewe kumekuwa kazi ya kutwa, na kula kunakatiza pumzi.

Ukimuuliza daktari "amebakiza muda gani?", usitegemee tarehe. Asbestosi inaweza kukaa mahali pamoja miaka mingi kisha ikashuka ghafla baada ya nimonia moja. Kwa mesotelioma, wagonjwa wengi huishi kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tangu kugunduliwa. Wengine hawafiki huko, na wachache huishi miaka kadhaa. Uliza badala yake: "Tunazungumzia miaka, miezi, wiki au siku?" Daktari mwaminifu anaweza kujibu hilo, nawe unaweza kupanga.

Hatua ya 3: Tibu pumzi yenyewe

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo anayeuguza ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani.

Kukosa pumzi kuna mzunguko wake. Mtu anakosa hewa, anaogopa. Akiogopa anapumua haraka na juu juu. Akipumua juu juu, misuli ya shingo na mabega inachoka na hewa inazidi kuwa haba, na hofu inapanda tena. Kazi yako ni kuuvunja mzunguko huo popote unapoweza kuushika.

Anza na mkao. Muweke mgonjwa kwenye kiti, aegemee mbele, viwiko juu ya meza au juu ya mapaja, mabega yameachiwa, mikono imelegea. Mkao huo huyapa mapumziko mabega na kuachia misuli ya kifua ifanye kazi yake. Usimlaze chali. Kitandani, inua mgongo kwa mito mpaka awe nusu ameketi, na mto mmoja chini ya magoti asiteleze. Kama pafu moja ndilo lililoharibika zaidi, mjaribishe ubavu huu na ule, mwenyewe atakwambia upi unampa raha.

Halafu feni ndogo ya mkononi. Nilidhani ni mchezo wa watoto mpaka nilipoona kwa macho yangu. Ishike kama shubiri moja kutoka usoni, upepo upige mashavu na pande za pua. Mishipa ya fahamu ya uso ikihisi hewa baridi, ubongo hupunguza ile hisia ya kukabwa, hata kama oksijeni ya damu haijabadilika. Usiku mmoja Baba aliamka saa tisa macho yamemtoka, ananishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Nikamketisha, nikafungua dirisha, nikawasha ile feni, nikaanza kupumua taratibu mbele yake bila kusema neno ili afuate mwendo wangu. Zilipita kama dakika kumi. Akaachia mkono wangu, akasema, "Sasa." Hakuongeza neno, akalala.

Mfundishe kutoa pumzi polepole kupitia midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepoza chai. Mwambie atoe pumzi wakati wa jambo zito, yaani kuinuka, kupanda ngazi, kunyanyua mkono, na avute kabla yake. Usimwambie "vuta, vuta!" Anayekosa hewa anavuta tayari. Anachohitaji ni kutoa taratibu.

Panga siku yake kama mtu mwenye fedha kidogo anavyopanga matumizi. Kuoga ameketi kwenye kigoda. Nguo za kufungwa mbele. Viatu visivyo na kamba. Vitu vyake vyote viwe usawa wa kiuno, asiiname wala asinyooshe mikono juu. Choo cha kiti kando ya kitanda kikibidi, na hapa utahitaji upole, kwa kuwa wazee wengi huona aibu. Asilazimishwe kulala kutwa kwa jina la kupumzika, maana misuli isiyotumika huhitaji hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mtaalamu wa fiziotherapia akipatikana, hata katika hatua hizi, mazoezi madogo ya miguu akiwa kitini yanamsaidia.

Kisha kuna mofini. Familia nyingi zikisikia neno hilo hudhani mtu anamalizwa. Mofini ya kunywa kwa kiasi kidogo, kiasi alichopanga daktari, hupunguza hisia ya kukosa hewa na humtuliza mgonjwa. Ikitumiwa hivyo haijulikani kufupisha maisha. Mwanzoni inaweza kuleta kichefuchefu na usingizi, ambavyo mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile mofini inapoanza. Mgonjwa mwenye pumzi fupi akikaa siku tano bila choo, tumbo linajaa na kusukuma mapafu juu. Tulijifunza hilo kwa taabu. Usiongeze kipimo mwenyewe, na mwambie daktari mapema kama figo zina tatizo, maana mofini hutolewa mwilini kupitia huko.

Wote wanaoshughulika na haya hospitalini wanaitwa watu wa tiba shufaa. Waombe mapema. Si huduma ya siku mbili za mwisho, na kuwaita hakumaanishi kwamba tiba nyingine zinaachwa.

Hatua ya 4: Oksijeni, na mipaka yake

Oksijeni humsaidia mgonjwa ambaye damu yake imepungukiwa nayo. Kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, kwa kawaida husoma asilimia 95 hadi 100. Kikikaa 88 au chini yake mtu akiwa ametulia, madaktari wengi huanza kuzungumzia oksijeni ya nyumbani, na wakishaipanga ya muda mrefu, hutumiwa angalau saa 15 kwa siku, usiku ukiwemo. Wengine huhitaji wakitembea tu au wakilala tu.

Kifaa hicho kinaweza kudanganya. Vidole vya baridi, rangi ya kucha na mtikisiko huharibu usomaji. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi. Mgonjwa anatweta na namba ni nzuri? Mwamini mgonjwa, na omba kipimo cha damu ya mshipa wa ateri.

Kinyume chake, mtu anaweza kuwa na oksijeni ya kutosha na bado akahisi anakabwa. Hapo mtungi hautamsaidia sana. Feni, mkao na mofini vitamsaidia zaidi.

Oksijeni huufanya moto ushike haraka na kwa ukali. Sigara, kiberiti, mshumaa na jiko la moto vikae mbali, angalau mita 3, na asiwepo wa kuvuta sigara chumbani hata kama mashine imezimwa kwa muda mfupi, maana oksijeni hubaki kwenye shuka na nguo. Usimpake mafuta ya mgando puani wala midomoni, tumia yanayotengenezwa kwa maji. Kama ni mashine ya umeme, uwepo mtungi wa akiba kwa siku umeme ukikatika.

Hatua ya 5: Maji kifuani na maumivu

Mesotelioma na saratani ya pafu hupenda kujaza maji kati ya pafu na ukuta wa kifua. Pumzi hupungua ndani ya siku au wiki chache, na kikohozi kinaongezeka. Daktari huyatoa kwa sindano au mrija, kwa kawaida akitumia kipimo cha mawimbi ya sauti kuona yalipo. Mara nyingi hawatoi zaidi ya lita moja na nusu kwa mkupuo, kwa sababu pafu likifunguka ghafla linaweza kuvimba. Kikohozi na kubanwa kifua wakati wa kutolewa ni kawaida, lakini mwambie mgonjwa aseme mara moja.

Yakirudi, na mara nyingi hurudi, kuna njia mbili za kuuliza. Ya kwanza ni kupuliziwa unga wa talki ndani ili kuzigundisha tando mbili maji yasipate nafasi. Ya pili ni mrija mdogo unaobaki kifuani ambao muuguzi, au wewe ukishafundishwa, unautumia kutoa maji nyumbani. Pafu likiwa limefungwa na ganda gumu haliwezi kupanuka kugusa ukuta, na talki haitashika. Mrija ndio unaofaa.

Maumivu ya mesotelioma yana tabia yake. Huchoma, huwaka, hupita ubavuni kama umeme, kwa kuwa uvimbe huingia kwenye mishipa ya fahamu iliyo kati ya mbavu. Mofini peke yake inaweza isitoshe. Muulize daktari juu ya dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, na juu ya mionzi ya kutuliza maumivu mahali pamoja. Andika kwenye daftari saa maumivu yalipoanza, yalivyokuwa, na dawa ilichukua muda gani. Daftari letu lilimshawishi daktari kuliko kilio chochote.

Hatua ya 6: Uliza tiba za ugonjwa wenyewe

Kwa asbestosi, vidonge vya steroidi havijaonyesha kusaidia, na vina madhara yake. Mtu akivipendekeza, muulize vinatibu nini hasa. Dawa ya nintedanibu, inayotumika kwa makovu ya mapafu yanayozidi kuendelea, inaweza kupunguza kasi kwa baadhi ya wagonjwa, haiondoi makovu yaliyopo. Chanjo za mafua na za nimonia zina maana kubwa hata sasa. Anayevuta sigara akiacha leo, bado anafaidika.

Kwa mesotelioma, kuna dawa za kemotherapia, hasa pemetreksedi pamoja na sisiplatini au karboplatini, na tangu mwaka 2020 kuna muungano wa dawa mbili zinazoiamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, nivolumabu na ipilimumabu, ambao kwa baadhi huongeza miezi ya kuishi. Mgonjwa aliyedhoofika sana anaweza kuumizwa na dawa hizo kuliko kusaidiwa. Kukataa si kukata tamaa, na ni haki yake.

Hatua ya 7: Mambo yasiyosubiri asubuhi

Pumzi ikikatika ghafla, hasa pamoja na maumivu makali upande mmoja, inaweza kuwa damu iliyoganda mapafuni au pafu lililopasuka. Homa na makohozi ya njano au kijani ni maambukizi. Uso na shingo vikivimba, hasa asubuhi, uvimbe wa saratani unaweza kuwa umebana mshipa mkubwa wa damu. Miguu ikikosa nguvu, mgongo ukiuma au mkojo ukigoma, uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa. Midomo ikiwa ya bluu na mtu anachanganyikiwa, usingoje.

Kukohoa damu kidogo kuripotiwe siku hiyohiyo. Kwa mwenye saratani ya pafu ambaye daktari ameonya kwamba damu nyingi inaweza kutoka, weka karibu mataulo ya rangi nzito, ya kahawia au bluu iliyoiva. Damu kwenye taulo jeupe humtisha mgonjwa na kila aliye chumbani. Muuguzi mmoja alitwambia hilo kwa sauti ya chini kule varandani, na hadi leo namshukuru.

Hatua ya 8: Zungumzeni angali na pumzi ya kuzungumza

Mazungumzo haya hucheleweshwa kwa heshima, na mwisho mgonjwa anakosa sauti. Mchague mtu mmoja atakayemsemea. Muulizeni anataka kufia nyumbani au hospitali. Muulizeni kama anataka kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Kwa mapafu yaliyokwisha kwa makovu, mashine hiyo mara nyingi huahirisha tu, na kuitoa ni kugumu kuliko kuiweka. Madeni, amana, wosia, anayetaka kumwomba msamaha, kiongozi wa dini anayemtaka karibu. Mwambieni ajibu kwa mafungu, leo moja, kesho jingine, na kwa maswali ya ndiyo na hapana.

Sisi tulimuuliza Baba kwa kuzunguka zunguka. Akatukatiza: "Semeni." Alikuwa anatungoja sisi.

Hatua ya 9: Siku zenyewe za mwisho

Atalala muda mrefu zaidi na kuamka kwa taabu. Chakula atakikataa. Mwili unaozima hautaki chakula, na kumlazimisha kunaweza kumpalia. Lowesha midomo na ulimi kwa kitambaa au sponji yenye maji kidogo kila mara, hilo ndilo linalompa raha.

Pumzi itabadilika mpangilio. Itakuwa nzito, kisha ndogo, kisha itasimama sekunde kadhaa, kisha itaanza tena. Huenda kooni pakatoka mkoromo wa mate asiyoweza kumeza. Kwetu unatisha, kwake huenda hata hausikii. Mgeuze ubavu, inua kichwa kidogo, na muulize muuguzi juu ya dawa za kukausha mate. Mikono na miguu itapoa na kuwa na madoa ya zambarau. Anaweza kuweweseka, akawataja waliotangulia. Usibishane naye.

Dawa za pumzi na maumivu zisikatizwe kwa sababu hawezi kumeza. Zipo za sindano chini ya ngozi na za matone chini ya ulimi. Ziombe kabla, ziwepo nyumbani, pamoja na maelezo yaliyoandikwa ya nani anatoa nini na saa ngapi. Kukabwa ndiko kunakoogopwa zaidi, na kwa wengi, dawa zikiwa zimepangwa vizuri, mwisho huwa ni usingizi unaozidi kuwa mzito. Zungumza naye, huenda anasikia.

Hatua ya 10: Karatasi, na waliobaki

Kabla hajapoteza kumbukumbu, andika historia yake ya kazi: mahali, miaka, kazi gani hasa, alishika nini, nani walikuwa naye. Mchukulie sauti kwa simu kama kuandika kunamchosha. Nchi nyingi hulipa fidia kwa ugonjwa wa asbesto, na madai mara nyingi yana muda wa mwisho unaohesabiwa tangu siku ya kugunduliwa ugonjwa au siku ya kifo. Hakikisha cheti cha kifo kinataja asbesto, si "nimonia" peke yake. Katika baadhi ya nchi kifo cha ugonjwa wa kazini ni lazima kiripotiwe kwa mamlaka, na mwili unaweza kuchunguzwa kabla ya mazishi. Jueni hilo mapema, msije mkashtuka msibani.

Uchunguzi wa namna hiyo ndio uliofungua macho ya watu tangu mwanzo. Mwaka 1924 huko Rochdale, Uingereza, alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota asbesto. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake, akakuta nyuzi za madini ndani ya makovu, na mwaka 1927 akaupa ugonjwa huo jina la asbestosi.

Halafu mwangalie aliyefua zile nguo. Mama alikuwa akizikung'uta ovaroli za Baba mlangoni kila Jumamosi, vumbi jeupe likimrukia usoni. Sasa kila aingiapo kwa daktari, hata kwa mafua, hilo ndilo neno la kwanza analomwambia.